Tucheke, lakini gato ibaki mezani

 Jambo kwenu ndugu zetu mliotoka Luvungi, Sange, Kamanyola, Bukavu na milimani, mnaolala leo katika nyumba za watu, makanisani na kwenye mahema. Jambo pia kwenu mliovuka Ruzizi mkabaki upande wa Burundi, ambao bado mnatufuata kwa simu.

Juma hili lote mjini Uvira, kuanzia Kavimvira mpaka bandari ya Kalundu, watu wanabishana juu ya jambo moja. Utafikiri ni jambo dogo, nami nasema si dogo. Vijana wa kikundi kimoja cha michezo ya kuchekesha wametoa wazo. Wanataka kufanya siku ya kukusanya pesa kwa ajili ya familia zilizohamishwa na vita. Watatengeneza gato za krimu, zile laini zenye maziwa na mayai. Mtu mkubwa ataketi kwenye kiti mbele ya watu, na yeyote atakayelipa franka zilizopangwa atachukua gato na kumpaka mkubwa huyo usoni. Watu watacheka, pesa zitaingia, familia zitasaidiwa. Wameona mambo hayo katika video za Ulaya na Marekani, na ukweli ni kwamba yanachekesha.

Tayari mji umegawanyika mara mbili. Upande wa kwanza unasema: waacheni vijana, wanatafuta pesa kwa njia nzuri, ninyi wazee mnapenda kukataza tu. Upande wa pili unasema: huu ni wakati wa kulia, watu wamezika watoto njiani, nani ana moyo wa kucheka? Waahirishe, wafanye maombi.

Mimi nasimama katikati, na najua katikati ndiko mtu hupigwa na pande zote mbili. Nasema siku hiyo ifanyike, na ifanyike haraka. Nasema pia kwamba gato hata moja isirushwe. Nipeni nafasi nieleze.

Kwanza tujue mchezo huu umetoka wapi, ili tusimkatae mtu kabla ya kumsikiliza. Kurusha gato ni kitu cha zamani katika filamu za kuchekesha. Charlie Chaplin, ambaye wanaosema Kifaransa humwita Charlot, alirusha gato katika filamu ya mwaka 1916, wakati filamu zilikuwa hazina sauti. Mwaka 1927 Laurel na Hardy walitengeneza filamu ambayo barabara nzima inaingia katika vita vya gato. Inasemwa walitumia gato kama 3,000.

Kwa nini watu walicheka hivyo, na wanacheka mpaka leo? Kwa sababu gato haina mfupa. Jiwe linaumiza na ngumi inaumiza, lakini krimu haimuumizi mtu, inamwondolea ukubwa tu. Mtu amevaa suti, amefunga tai, ametoa sauti nzito, na ghafla uso wake ni mweupe na macho mawili tu yanapepesa. Kwa dakika moja yeye na sisi tuko sawa, halafu anajifuta, na hakuna aliyekufa.

Hiyo ndiyo maana ya mchezo. Kule Ubelgiji kuna mtu anaitwa Noël Godin. Kwa miaka mingi amekuwa akiwavizia wakubwa wenye majivuno na kuwapaka gato. Tarehe 4 Februari 1998, mjini Bruxelles, kundi lake lilimpaka krimu Bill Gates, mmoja wa watu tajiri kabisa duniani. Dunia yote ilicheka. Kama wangempaka mama anayeuza ndizi pembeni ya barabara, nani angecheka? Mtu mwenye akili angeuliza tu: mama huyu amewakosea nini?

Shikeni neno hilo, nitalirudia: gato inachekesha ikipanda juu, kwa mkubwa. Ikishuka chini, kwa mnyonge, ni matusi.

Sasa tuje kwenye pesa. Waingereza wana shirika linaloitwa Comic Relief, yaani msaada kwa njia ya vichekesho. Lilianzishwa mwaka 1985 kwa sababu ya njaa ya Ethiopia, na lilitangazwa siku ya Noeli kutoka kambi ya wakimbizi nchini Sudan. Kuanzia 1988 wana siku yao ya pua nyekundu. Watu wanavaa pua nyekundu, na katika shule na ofisi wanalipa ili kumwagia mwalimu au mkubwa wa kazi krimu kichwani. Pesa nyingi sana zimekusanywa kwa njia hiyo, na sehemu yake imefika Afrika. Siwezi kudharau hilo.

Lakini fikirini kidogo. Chakula kinatupwa usoni kwa kicheko huko ili chakula kitumwe kwa wenye njaa huku. Huko wanaweza kufanya hivyo bila kuona aibu, kwa sababu wenye njaa hawapo ndani ya chumba. Wako kwenye televisheni, mbali, kilomita elfu kadhaa. Mtoto wa kambi ya Sudan hakusimama mlangoni akaangalia krimu ikitiririka sakafuni.

Sisi hatuko mbali hivyo. Hapa Uvira mwenye njaa yuko ndani ya chumba, na mara nyingi ndiye mwenye kiti cha jirani yako. Mahesabu ya njaa yaliyotolewa 2024 na 2025 yanasema zaidi ya watu milioni 25 katika nchi yetu wana njaa kali. Watu hao siwahitaji kwenye televisheni. Nikitoka nyumbani asubuhi nakutana nao kabla sijafika barabara kubwa.

Ndiyo maana nasema: wazo la vijana ni zuri, lakini wamelichukua pamoja na vitu vyake vyote bila kuuliza kipi kinafaa hapa na kipi kibaki Ulaya. Tena hata huko Ulaya si kila wakati wanatumia chakula. Mwaka 2011, katika bunge la Uingereza, mtu alimpiga tajiri Rupert Murdoch na sahani nyeupe usoni. Ilionekana kama gato, kumbe ni povu la kunyolea ndevu. Mtu huyo alifungwa, na sisemi mumwige, nasema tu kwamba mchekeshaji hahitaji mayai. Anahitaji kitu cheupe, laini, kinachoshika uso.

Na nani amesema sisi hatuna vitu vyetu? Matokeo ya Exetat yakitoka, kila mtu anajua mtoto wa nani amepita hata kabla hajauliza. Kijana anatoka nyumbani kichwa cheupe kwa pudre, mabega meupe, wenzake wanamzunguka wanaimba, motari anapiga honi, bibi anapiga vigelegele. Hiyo ni furaha yetu wenyewe, na hakuna aliyetufundisha kwa video. Pudre ile haiwekwi kichwani na adui, inawekwa na wanaokupenda, mbele ya mtaa, kusema: tazameni, huyu ametutoa aibu.

Lakini miaka hii tumeongeza jambo lingine ambalo silipendi. Siku ya aniversere ya mtu, rafiki zake wanamvizia. Wanamwagia bidoni ya maji, halafu unga juu yake, na wengine wanavunja mayai kichwani. Msichana analia, simu inalia, rafiki wanapiga picha. Ukiuliza, wanakwambia ni mchezo tu. Maji hayo nani ameyachota? Katika mji huu ambao umeishi na kipindupindu miaka mingi, bidoni moja ya maji safi ni safari, ni foleni, ni shingo ya dada yako. Na unga huo ni wa sufuria ya nani? Mchezo ambao anayechezewa hakuulizwa, na aliyechota maji hakuulizwa, si mchezo. Ni uonevu uliovaa nguo ya sikukuu.

Sasa nageuka upande wa pili, wale wanaosema tusicheke kabisa. Nawaheshimu, wengi wao ni wazee wangu na wachungaji wangu. Lakini wazee, mnakosea, na ninaweza kusema hivyo kwa sababu nililala pale.

Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika usiku na kubeba nyumba na watu, mimi na familia yangu tulikuwa kati ya waliolala kwenye darasa la shule. Siku za kwanza hakuna aliyesema neno. Watoto walikuwa kimya, na mtoto akinyamaza sana mzazi anaogopa. Siku ya tano au ya sita, mzee mmoja aliyepoteza nyumba yake yote alikuwa anarudi na ndoo. Akateleza, akaanguka chini kifudifudi ndani ya tope. Sisi wote tuliruka kumsaidia. Akainuka mwenyewe, uso wote tope, akatutazama mmoja mmoja, akanyoosha koti lake lililochanika, akasema kwa sauti ya mheshimiwa: “Ndugu raia, nimefika kuona hali yenu.”

Darasa lote lilicheka. Wamama walicheka mpaka wakalia, halafu wakalia kweli, halafu wakacheka tena. Usiku ule watoto walizungumza. Mzee yule hakutupa chakula, alitupa uso wake mwenyewe. Kwa kicheko kile tulijua bado ni watu, si mizigo iliyookolewa na maji.

Kwa hiyo msituambie kwamba aliyehamishwa hawezi kucheka. Msimwangalie kila siku kwa macho ya mazishi, hilo nalo linachosha. Waulizeni wenyewe. Wengi watawaambia: mahubiri tumeyasikia, hotuba tumezisikia, tunataka siku moja ya kusahau.

Lakini katika darasa lile lile niliona jambo lingine, na hili ndilo linanifanya niandike leo kwa hasira. Wageni walikuja na gari. Sitataja walikuwa nani. Walikuwa na biskuti katika katoni. Badala ya kupanga watoto na kuwapa mmoja mmoja, mmoja wao alisimama juu na kuzirusha katikati ya watoto, na mwenzake akapiga picha watoto wakigombania. Wageni walicheka, na sidhani walikuwa watu wabaya. Mama mmoja karibu nami alimwita mtoto wake, akamnyang'anya biskuti aliyokuwa ameipata, akaiweka chini. Akasema: “Sisi si kuku.”

Sijasahau. Kwetu chakula kinatolewa kwa mkono, na kwa mtu mwenye heshima kinatolewa kwa mikono miwili. Chakula kinachorushwa ni cha kuku. Anayerusha chakula, hata kama anacheka, hata kama ana nia njema, anamwambia anayemwangalia: mimi ninacho cha kuchezea, wewe huna cha kula. Hilo ndilo neno ambalo gato zitasema siku ile, juu ya sauti ya muziki na mkaribishaji.

Vijana wataniambia: mzee, unakuza mambo, ni gato ishirini tu. Haya, tuhesabu. Gato moja inataka kama robo kilo ya unga, mayai matatu au manne, sukari, mafuta, maziwa ya krimu. Gato ishirini ni kilo tano za unga na mayai zaidi ya sitini. Kilo tano za unga si mlima. Zingelisha labda watu ishirini ugali wa jioni moja, na pesa za siku hiyo zinaweza kununua unga zaidi ya huo mara nyingi. Kwa hesabu peke yake, vijana wameshinda. Nakubali.

Lakini mimi sizungumzi hesabu. Nazungumza macho ya mtoto atakayekuwa mstari wa mbele. Huyo hatahesabu franka zilizoingia kwenye sanduku. Ataona yai, kitu ambacho pengine hajakula tangu atoke kwao, likianguka kutoka kwenye kidevu cha mkubwa mpaka kwenye vumbi. Kesho mtampa unga ulionunuliwa kwa kicheko kile, na ataupokea kwa sababu hana njia, lakini atakuwa ameona. Msaada unaokuja baada ya dharau unashibisha tumbo na kuacha kidonda.

Basi tufanye nini? Sipendi mtu anayekataa tu bila kuleta kitu. Haya ndiyo mapendekezo yangu, na vijana wanaruhusiwa kuyaboresha.

La kwanza ni kitu cha kupaka. Tutumie ule udongo mweupe unaouzwa sokoni, ulowekwe katika maji yaliyotiwa dawa mpaka uwe kama krimu, uwekwe juu ya kipande cha jani la mgomba. Utashika uso vizuri kuliko gato. Najua wamama wajawazito wengine huutafuna udongo huo, lakini hakuna nyumba inayousongea ugali. Anayepakwa afumbe macho, apakwe kwa mkono, asirushiwe kwa nguvu. Ndoo ya maji ya kunawa na sabuni iwe pembeni, na watoto wanawe kwanza.

La pili ni nani anapakwa. Wakubwa tu, na wale tu waliokubali kwa mdomo wao. Shefu wa kartie, prefe wa shule, rais wa wamotari, mchungaji mwenye roho ya kucheka, mfanyabiashara mwenye duka kubwa. Asipakwe aliyehamishwa hata mmoja, wala mtoto wake, wala kijana maskini aliyelipwa franka kidogo ili awe kichekesho cha wengine. Na asiviziwe msichana. Uso wa mtu una mwenyewe, naye ndiye wa kuruhusu.

La tatu tujifunze kwa jirani. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma na sehemu nyingi za Tanzania, watu wana utani. Mtani anaweza kuingia hata msibani, akamwiga marehemu, akawasumbua wenye nyumba, na hakuna wa kumkasirikia. Ili atulie, anapewa kitu kidogo. Tazameni akili ya wazee: anayetaniwa ndiye anayetoa. Sisi tufanye vilevile. Raia alipe kidogo ili ampake mkubwa. Mkubwa akiogopa kuchafua uso, alipe mara kumi ya pesa hiyo ili asamehewe. Akipakwa, sanduku limepata. Akikimbia, sanduku limepata zaidi, na tutamcheka pia.

La nne, waliohamishwa wasiitwe kuja kuangaliwa. Waje kama wageni wa heshima, waketi mbele, na wao wapake bila kulipa. Nataka nimwone mama aliyetembea kutoka uwanda wa Ruzizi na mtoto mgongoni akichovya mkono wake na kumpaka mkubwa mmoja taratibu, kutoka paji la uso mpaka kidevu. Kicheko hicho kitakuwa chake. Na mtu asimwombe picha ya kulia baadaye.

La tano, na hili wasiolipenda wanajulikana: pesa zihesabiwe hadharani, jioni ile ile, na kamati ambayo nusu yake ni waliohamishwa wenyewe. Ziingie kiasi gani, zinunue nini, zigawanywe wapi, yote yatangazwe. Tumechoka na makusanyo yanayoanza kwa ngoma na kuisha kwa kimya. Pesa zikipotea, basi waliochekwa siku ile hawakuwa wakubwa, ni sisi tuliotoa.

Gato nazo nimeziwekea kazi. Wale wamama waliojitolea kuzipika wazipike, msiwavunje moyo. Zipikwe zote ishirini, zikatwe vipande, na mwisho wa siku zigawiwe watoto kwenye sahani, kwa mikono miwili. Mtoto atakayekwenda kulala usiku huo akikumbuka uso mweupe wa shefu na ladha ya gato mdomoni, huyo tumemsaidia kweli.

Vijana, kikao chenu kinakuja, na najua mtaamua wenyewe. Siwezi kuwalazimisha. Lakini nisionekane ninawapangia wengine tu kutoka kwenye kiti cha mwandishi. Nimevaa miwani, nina upara, na kuna watu wengi katika mji huu ambao wana neno na mimi kwa sababu ya mambo niliyoyatangaza. Wekeni jina langu la kwanza kwenye orodha ya watakaopakwa. Nitakuja bila koti. Na sitalipa ili nisamehewe.